Kidonge cha Maji na Siku ya Kliniki

Mji wa Kale mzima utakuambia kwamba dawa za moyo ndizo zinazomnyong'onyeza mtu, kwamba aliyezianza hatoki tena nje. Si kweli. Kinachomfungia mgonjwa ndani ni maji. Moyo uliochoka hausukumi damu ya kutosha, figo zinazuia chumvi na maji, miguu inafura, na ngazi za ghorofa kule Kibokoni zinapandwa kwa vituo. Dawa ndizo zitakazompandisha ngazi hizo tena.

Malalamiko mengine yana ukweli wake. Wiki za kwanza za carvedilol mtu huchoka, ndiyo maana huanzwa kidogo, huongezwa taratibu, na humezwa pamoja na chakula. Enalapril humtia mwingine kizunguzungu anapoinuka kutoka sijda. Basi aketi kidogo kabla ya kusimama. Kikohozi kikavu kinacholetwa na dawa hiyo hakitaki tangawizi wala asali, kinataka daktari aibadilishe, aghalabu kwa losartan. Kila dawa nilikusudia kuipa nafasi sawa katika sura hii, lakini Lasix, kile kidonge cha maji, haiachi nafasi.

Lasix ya kumeza huanza kazi ndani ya saa moja, hupamba moto katika saa ya pili, na baada ya saa 6 hivi imekwisha. Mgonjwa anajua hilo kuliko kitabu chochote. Kwa hiyo Ijumaa anairuka, udhu usimtenguke msikitini. Akiwa na harusi anairuka. Na siku ya kliniki ndiyo anairuka kabisa.

"Umemeza leo, bi mkubwa?"

"Nimeze, mwanangu, nije na feri? Choo nitakipata wapi mimi?"

Ametoka Likoni alfajiri, amepanga foleni ya feri, akapanda tuktuk hadi Hospitali Kuu ya Pwani, akapanga foleni nyingine. Daktari asipouliza, ataona miguu imefura, atadhani dozi haitoshi, ataiongeza. Kidonge kikubwa zaidi kinaogopwa zaidi, kinarukwa zaidi, na safari ijayo miguu imefura kupita mwanzo. Mzunguko huu unawalaza watu wodini bure! Kidonge hicho kingeweza kumezwa saa 7 mchana, akisharudi kwake, na kufikia saa 1 usiku kazi imekwisha. Saa ya kumeza inahama; akubaliane tu na daktari wake.

Nyumbani sasa wanakuja wanaosema miguu ile ni jini, na wanaouza mitindo ya "kusafisha figo" kwa madafu mfululizo. Jini halipungui kwa spironolactone, dawa nyingine ya moyo; miguu ile inapungua. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa dawa hiyo ilipunguza vifo kwa asilimia 30 kwa wagonjwa waliozidiwa. Lakini spironolactone na enalapril huzuia potasiamu isitoke mwilini, na dafu limejaa potasiamu. Ikizidi kwenye damu, moyo unaweza kusimama.

Mgeni wa mwisho ni diklofenaki, dawa ya maumivu. Magoti yanauma kwa ngazi, kijana anatumwa duka la dawa, vidonge vinaletwa bila swali. Dawa hiyo hurudisha chumvi na maji mwilini, na Lasix ndiyo inayolaumiwa. Uzani ukipanda kilo 2 ndani ya siku tatu, mgonjwa asingoje tarehe ya kliniki, na aende na kila kidonge alichomeza, hata cha magoti.