Amri za Siri za Rais wa Marekani

Hali ya hatari ni kipindi ambapo kiongozi wa nchi huwa na mamlaka yasiyo ya kawaida ili ailinde dola. Aghalabu mamlaka hayo hutajwa katika sheria ambazo kila raia anaweza kuzisoma. Nchini Marekani, hata hivyo, yapo mengine yaliyofichwa.

Katika miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Dwight Eisenhower, serikali ilianza kuandaa rasimu za amri ambazo rais angetia sahihi iwapo nchi ingeshambuliwa kwa silaha za nyuklia. Tawala zilizofuata zimekuwa zikizirekebisha, lakini hakuna hata moja iliyowahi kuchapishwa. Nyaraka nyingine za serikali zinadokeza kwamba rasimu za awali zilihusu kuwazuilia watu bila kuwafikisha mahakamani, kudhibiti habari na kutangaza utawala wa kijeshi.

Mnamo 1976 Kongresi ilipitisha sheria inayomtaka rais atangaze hali ya hatari waziwazi na kutaja vifungu anavyovitegemea. Hata hivyo, sheria hiyo haikumlazimu awaonyeshe wabunge rasimu hizo.

Athari ya usiri huo ni bayana. Mnamo 1952, wakati wa Vita vya Korea, Rais Harry Truman aliamuru serikali itwae viwanda vya chuma. Kwa kuwa amri hiyo ilijulikana, wenye viwanda walishtaki, na Mahakama ya Juu ikaibatilisha kabla ya miezi miwili kwisha. Amri iliyofungiwa kabatini haina mlalamishi wala hakimu. Raia huifahamu siku inapotekelezwa, wakati ambapo ni vigumu mno kuipinga.