Presha: Sema Utameza Dawa Saa Ngapi na Ukiwa Wapi

Muulize mgonjwa wa presha hapa Mji wa Kale kama anataka kumeza dawa zake kila siku, naye atakuapia kuwa anataka. Lakini mara nyingi ukifungua kabati lake utakuta pakiti ya mwezi jana ingali na vidonge. Si ukaidi. Presha kwa kawaida haiumi, na kisichouma husahaulika upesi, hadi siku mkono mmoja unapokataa kuinuka na ulimi kuwa mzito. Hicho ndicho kiharusi.

Mgonjwa huambiwa apunguze chumvi, atembee, asiache dawa. Hukubali kwa moyo safi, akaenda zake. Nia anayo, ila haikupewa saa wala mahali.

Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, aliichunguza kasoro hiyo katika miaka ya 1990. Shauri lake ni kwamba mtu aifunge nia yake kwenye jambo ambalo litatokea tu: nikifika hapa, nitafanya hivi. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio la wanafunzi 248. Waliopewa mawaidha ya mazoezi na pia kuandika siku, saa na mahali, 91 katika kila 100 walifanya. Waliopewa mawaidha matupu hawakufika 40. Hata hivyo si muujiza. Huko Marekani, wafanyakazi walioombwa kuandika tarehe na saa ya kuchanjwa homa ya mafua walipanda kutoka asilimia 33 hadi 37 tu, kwa mujibu wa utafiti wa mwaka 2011.

Mkaazi wa Kibokoni au Kuze hana haja ya kununua saa ya kengele. Adhana humfikia mara tano kwa siku, na kwa vile Mombasa iko karibu na ikweta, magharibi huingia baina ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima. Basi aliyeandikiwa kidonge kimoja cha asubuhi aseme: "Nikishakunja msala wa alfajiri, nitameza kidonge kilicho kando ya jagi la maji." Asiyeswali ana chai yake ya asubuhi, kidonge kikae kwenye kopo la majani. Anayesafiri kwenda Malindi aseme mapema kuwa akifunga mkoba, dawa zitatangulia nguo.

Kutembea nako ni vivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. "Nitafanya mazoezi" halisaidii kitu. "Jumatatu hadi Ijumaa, nikitoka msikitini alfajiri, nitapita Ngome ya Yesu nielekee Mama Ngina" lina miguu. Na mvua za masika? Zipangie pia: ikinyesha, nitatembea alasiri.

Mtihani mkubwa, kwa maoni yangu, ni barazani, hasa kwa mwenye kisukari. Sahani ya haluwa ikishafika mbele yako, umechelewa kufikiri. Jibu liwe tayari tangu nyumbani: "Nikikaribishwa haluwa, nitaomba kahawa tungu peke yake."

Ramadhani huvuruga mipango yote hii. Usijibadilishie saa za dawa mwenyewe. Mwone daktari Shaaban haijaisha, mpange pamoja kidonge kipi kiende na futari na kipi na daku, kisha uandike nyuma ya kadi yako ya kliniki.