Taa za Gari Ndogo na Maana Zake



Wengi wenu siku hizi mna gari ndogo, ama ya kwenu wenyewe ama ya mtoto, na msimu wa karafuu ukiingia gari hiyo hupata kazi kuliko punda. Alfajiri hupeleka wachumaji shambani, jioni hurudi na karafuu mbichi, na baadaye huchukua kavu kupeleka kituoni kuuza. Gari ikilala njiani jioni ya uchumaji, hasara si ya gari peke yake, kwani karafuu mbichi zikilala ndani ya magunia hupata moto na zikaharibika, na mwenyewe akaja kulipwa bei ya chini kwa kazi ya mwaka mzima. Kwa hiyo twaona yafaa tueleze habari za zile taa ndogo zinazowaka mbele ya dereva, kwani wanachama wametuuliza mara nyingi, na majibu wanayoyapata barazani si yote ya kutegemewa.

Jambo la kwanza ni rangi. Taa ya kijani au buluu hukupa habari tu. Ya manjano yasema kuna jambo la kutazamwa, lakini waweza kwenda polepole mpaka kwa fundi. Nyekundu yasema simama. Haisemi simama ukifika, yasema simama hapa ulipo. Mwenye kushika hili moja tu amekwisha jiepusha na sehemu kubwa ya gharama.

Mwenzetu mmoja alivuka kwenda Tanga kuzuru jamaa, akaazima gari ndogo ya mpwawe ili aende Kwashemshi, huko wilaya ya Korogwe, kwenye mashamba ya mkonge. Alipita Muheza na Segera salama. Siku ya kurudi, alipokuwa bado katika njia ya vumbi baina ya mkonge na mkonge, iliwaka taa nyekundu yenye picha ya betri. Akajisemea kwamba betri ni mpya, mpwawe kaitia juzijuzi, basi taa ina uwongo. Akaendelea. Haukupita muda ikawaka taa nyekundu ya pili, ile ya moto wa injini. Hapo aliona ajikaze afike Korogwe mjini, maana pale alipo hapana gereji. Injini ikaanza kugonga, kisha ikazima yenyewe. Watu wema wakamletea ndoo ya maji baridi, naye akayamimina.

Fundi mmoja wa matrekta aliyekuja kutazama hakuuliza gari ina nini. Aliuliza, “Mzee wangu, taa ipi ilitangulia?” Kisha akafunua boneti akaonyesha mahali mkanda ulipokuwa, nao umekatika.

Maelezo yake ni haya, nayo yafaa kila mtu ayajue. Taa ya betri haisemi kwamba betri ni mbovu. Yasema kwamba alteneta, ile inayotia moto betri, haifanyi kazi. Katika gari ndogo nyingi mkanda ule ule unaozungusha alteneta ndio unaozungusha pampu ya maji. Mkanda ukikatika, maji hayatembei tena ndani ya injini, na baada ya dakika chache injini huchemka. Taa ya kwanza ilikuwa imekwisha toa habari yote. Angalizima pale pale, angenunua mkanda tu. Badala yake mpwawe alilazimika kushusha silinda hedi, ambayo ilipinda kwa moto ule, na maji baridi juu ya chuma kilichochemka hayakusaidia kitu ila kuzidisha. Gari ikichemka, izime, funua boneti, ngoja injini ipoe kabisa, na usifungue kifuniko cha rejeta kingali cha moto, kwani maji yale huruka na kuunguza uso.

Tena kuna taa nyekundu yenye picha ya birika la mafuta. Wengi hudhani ni taa ya kupungua oili. Sivyo. Ni taa ya presha ya oili, na mpaka iwake, huenda oili imekwisha kuwa kidogo mno hata pampu haipati cha kuvuta. Injini ikienda hivyo hata kwa muda mfupi vyuma husagana vikavu, na hapo ndipo mafundi wanaposema injini imenoki. Mwenye kungoja taa hii ndipo apime oili ni kama mwenye kungoja mvua inyeshe ndipo aanue karafuu.

Gari zetu nyingi hutoka Japani zikiwa zimekwisha tumika, na baadhi yake, kama Vitz na Passo, hazina mshale wa kuonyesha joto. Zina taa ya buluu, ambayo huwaka injini ikiwa baridi na kuzima ikipata joto, na nyekundu ikichemka. Basi dereva wa gari hizi hana onyo la katikati. Akiona nyekundu, jambo limekwisha fika.

Sasa tuje kwenye taa ya manjano yenye picha ya injini, ambayo ndiyo inayogombanisha watu na mafundi. Gari za siku hizi zina kompyuta inayosoma sensa nyingi, na ikiona jambo lisilo sawa huandika namba na kuwasha taa hiyo. Mpango wa namba hizi uliwekwa kuwa lazima Marekani kwa gari za mwaka 1996, na gari za petroli za Ulaya zikafuata mwaka 2001. Chini ya usukani kuna mahali pa kuchomeka kifaa cha kusomea, penye matundu 16. Namba huanza kwa herufi, na P ndiyo ya injini na gia. P0301 maana yake silinda ya kwanza haichomi sawasawa, P0302 ni ya pili, na kadhalika. P0171 ni kwamba hewa imezidi petroli. P0420 ni kwamba yale masega ya kwenye ekzosi hayasafishi moshi ipasavyo.

Hapa ndipo penye hatari ya mfuko. Namba husema mahali pa kutazama, haisemi kitu cha kununua. Ukiona P0301 yaweza kuwa plagi, yaweza kuwa koili, yaweza kuwa injekta. Fundi mwenye akili huhamisha koili ya silinda ya kwanza akaitia ya pili, kisha akasoma tena. Namba ikigeuka kuwa P0302, koili ndiyo mbovu, na ikibaki ile ile, atafute pengine. Kazi hiyo haihitaji senti ya spea. Vilevile P0171 mara nyingi ni mpira wa hewa uliopasuka, na mtu keshauziwa sensa mbili. Taa hii ikiwaka bila kupepesa, nenda kwa fundi kwa utaratibu. Ikiwa yapepesa, punguza mwendo mara moja, kwani petroli isiyochomeka yaingia kwenye ekzosi na kuyaunguza masega.

Mwenye kutaka kununua gari atazame hivi: afungue swichi bila kuwasha injini. Taa ya oili, ya betri na hiyo ya injini zote lazima ziwake, kisha zizime injini ikiunguruma. Ile isiyowaka kabisa huenda imetolewa ili usiione. Wako pia wanaofuta namba asubuhi na kuuza mchana. Kifaa kitaonyesha kwamba majaribio ya kompyuta bado hayajatimia, nawe omba kuiendesha siku moja kabla ya kutoa fedha.

Kuhusu matunzo hatuna mengi. Pima oili kila wiki wakati wa msimu, gari ikiwa mahali pa sawa na injini imezimwa dakika chache. Njia zetu za shamba ni za vumbi na safari fupifupi, kwa hiyo badilisha oili na filta kila kilomita 5,000 wala usingoje zaidi, na tumia oili ya uzito ulioandikwa kitabuni. Injini hizi ndogo nyingi zataka oili nyepesi, na ile nzito ya lori si heshima kwao. Filta ya hewa ikung'utwe vumbi. Mkanda utazamwe kama una nyufa. Kwenye rejeta tia kulanti, maana maji ya kisima huleta kutu. Na mafuta ya makonyo, ingawa twajivunia, si dawa ya injini, tumekwisha ulizwa.

Kifaa kimoja cha kusomea namba kipo ofisini kwa matumizi ya wanachama. Mwenye kukitaka aandike jina lake daftarini, aje na gari yake, na akirudishe siku ya pili kabla ya adhuhuri, kwani wengine pia wanangoja.

Katibu