Hesabu ya Majani Ipimwe Kwenye Kompyuta Inayoihesabu

Mkulima wa chai akishapimiwa majani mabichi kituoni, anarudi nyumbani na risiti tu. Majani yamepanda lori kwenda kiwandani, na kilo zake sasa zimo kwenye kompyuta. Mimi hutunza programu ya hesabu za kikundi cha wakulima huku Bomet, na msimamo wangu ni mmoja: programu ijaribiwe kwenye toleo lilelile la lugha linalotumika ofisini, hata likiwa kuukuu.

Programu yetu imeandikwa kwa lugha ya Python. Python 3 ilitoka mwaka 2008, na Python 2 ikaacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Hata hivyo, kompyuta ya Windows 7 haivuki Python 3.8, na ya Windows XP hukomea 3.4. Mashine za namna hiyo bado ziko mezani kwa makarani wetu.

Tofauti kati ya matoleo zinagusa kilo. Ukiiambia Python 2 iikadirie 12.5 hadi namba nzima kwa round(), inatoa 13. Python 3 inatoa 12, kwa kuwa nusu kamili huipeleka kwenye namba shufwa iliyo jirani. Ukigawa 25 kwa 2, Python 2 inajibu 12 na nusu inatupwa. Python 3 inajibu 12.5. Hakuna onyo lolote linalotokea kwenye skrini. Atakayegundua ni mama aliyechuma tangu alfajiri: "Mwanangu, nusu kilo yangu iko wapi?"

Ndiyo kazi ya skripti ya majaribio: huipa programu hesabu ambayo jibu lake tunalijua, kisha hulinganisha. Lakini skripti nayo ni programu. Ukiiandika kwa mtindo wa f"...", ulioingia na Python 3.6 mwaka 2016, kwenye 3.4 haitaanza kabisa. Na ukishikilia jina la zamani assertEquals, Python 3.12 ya mwaka 2023 hailitambui tena. Jina assertEqual, bila s ya mwisho, linakubalika kote.

Kwa hiyo majaribio yangu nayaandika kwa maneno ambayo matoleo yote yanayaelewa. Maandishi nayapanga kwa format(). Kilo nazihesabu kwa moduli ya decimal, na kanuni ya kupandisha nusu naitaja waziwazi ili isitegemee toleo. Kisha naendesha majaribio hayohayo kwenye kila toleo, moja baada ya jingine, kabla programu haijafika ofisini.

Vijana wenzangu husema dawa ni kununua kompyuta mpya. Ni kweli, na zinunuliwe, maana toleo lisilohudumiwa halipati tena marekebisho ya usalama. Ila pesa hizo hutoka kwa wakulima wenyewe, na mavuno hayangoji. Maadamu kompyuta kuukuu ndiyo inayoandika kilo za mtu, anastahili hesabu iliyothibitishwa sawasawa na ya jirani yake mwenye ofisi ya kisasa.