Kweli au Si Kweli: Bunduki na Singe za Kijapani

Mwaka 1944 askari wa Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, wakiwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliwasukuma Wajapani kupitia Bonde la Kabaw nchini Burma hadi mto Chindwin. Bunduki zilizowafyatulia askari hao risasi huko ziliitwa Arisaka, kwa jina la Kanali Arisaka Nariakira aliyesimamia usanifu wa bunduki ya jeshi la Japani ya mwaka 1897. Leo bunduki hizo na singe zake zimetapakaa katika makumbusho na mikononi mwa wakusanyaji, hasa Marekani, ambako wanajeshi wengi walirudi nazo nyumbani. Kila moja huja na hadithi yake, na mara nyingi hadithi hailingani na kilichopigwa chapa kwenye chuma. Hapo ninakiamini chuma.

"Aina ya 38 ni ya mwaka 1938."

Si kweli, na hili ndilo kosa linalozaa mengine. Wajapani walikuwa wakihesabu miaka kwa utawala wa mfalme aliye kitini. Bunduki ya Aina ya 38 ilipitishwa katika mwaka wa 38 wa Mfalme Meiji, yaani 1905. Baadaye, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, jeshi likaanza kuzipa silaha mpya majina kwa kalenda nyingine inayoanzia mwaka 660 kabla ya Kristo, mwaka ambao mapokeo ya Kijapani yanasema mfalme wa kwanza alitawazwa. Kwa kalenda hiyo bunduki ya Aina ya 99 ni ya mwaka 2599, ambao kwetu ni 1939. Ndiyo maana bastola ya Nambu ya Aina ya 14 ni ya 1925, mwaka wa 14 wa Mfalme Taisho, wakati bombomu la Aina ya 92 ni la 1932.

Huhitaji kujua Kijapani ili uzitambue Aina ya 38 na ya 99. Tazama juu ya chemba, pale mtutu unapoanzia. Utaona alama tatu zilizopangwa kutoka juu kwenda chini. Ikiwa ya kwanza ni mistari mitatu iliyolala, na ya pili ni mikwaju miwili inayoachana kama miguu ya mtu aliyesimama, umeshika Aina ya 38. Ikiwa alama mbili za kwanza zinafanana kabisa, hizo ni tisa na tisa: Aina ya 99. Alama ya tatu ina maana ya "aina" tu. Tarakimu za ubavuni, upande wa kushoto, nazo si mwaka. Ni namba ya bunduki, na ukiona herufi ndogo ndani ya duara kabla yake, hiyo ni ya mfululizo. Kila mfululizo ulifika 99,999, kisha ukaanza mwingine wenye herufi nyingine.

"Ua likiwa zima, bunduki ilitekwa vitani. Likiwa limesagwa, ilisalimishwa mwaka 1945."

Nusu kweli. Juu ya alama hizo tatu huwa kuna ua la krisantemu lenye petali 16, nembo ya Mfalme wa Japani. Lilimaanisha kwamba bunduki ni mali yake, na askari alifundishwa kuitunza hivyo. Ni kweli kwamba baada ya Japani kusalimu amri Agosti 1945 maua mengi mno yalisagwa au kupigwa tupa kabla silaha hazijakabidhiwa. Watu hupenda kusema Jenerali MacArthur wa Marekani ndiye aliyeamuru. Maelezo yanayokubalika zaidi kwa watafiti ni kwamba Wajapani wenyewe waliliondoa ua, ili nembo ya mfalme wao isiangukie mikononi mwa adui. Kwangu maelezo hayo yana uzito. Mshindi anayekusanya silaha ili aziyeyushe au azitupe baharini ana haja gani ya kuhangaika na petali?

Ila kufuta ua hakukuanza mwaka 1945. Bunduki zilizotolewa jeshini zikapelekwa shuleni kwa mafunzo ya vijana, au zikauzwa nje, kwa mfano Siam ambayo leo ni Thailand, zilifutwa ua au kupigwa alama ndogo juu yake zamani hizo, kwa kuwa hazikuwa tena mali ya mfalme. Nyingine zilitoka kiwandani zikiwa na duara ndani ya duara mahali pa ua. Kwa hiyo ua lililosagwa halithibitishi kwamba bunduki ilisalimishwa, na ua zima halithibitishi kwamba mtu alipigana ili aipate.

Kwa kuwa ua zima hupandisha bei, wapo wanaopiga ua jipya juu ya lililosagwa. Litazame kwenye mwanga wa pembeni. Chuma cha asili hapo ni mviringo laini usio na shimo. Kilichosagwa huacha bonde dogo, na ua la bandia hukaa ndani ya bonde hilo, chini kidogo kuliko herufi zinazolifuata.

"Kitako chenye kiungo kiliwahi kuvunjika."

Si kweli. Kitako cha Arisaka kilitengenezwa kwa vipande viwili tangu kiwandani, kipande cha chini kikiungwa na cha juu kwa maungio ya kiseremala. Mti mwembamba ulitosha, na ncha ya kitako haikupasuka kirahisi. Usipoona kiungo hicho ndipo uanze kuuliza.

"Zile mbovu za mwisho wa vita zitakulipukia usoni."

Zinatisha kwa sura. Kufikia 1944 na 1945 Aina ya 99 ilikuwa imepoteza mengi: kifuniko cha vumbi, mguu wa waya wa kusimamishia mtutu, mikono ya kulengea ndege, hata kromu iliyopakwa ndani ya mtutu. Bamba la chuma la kitakoni likawa la mbao. Mikwaruzo ya mashine iliachwa wazi. Lakini viwanda viliendelea kukitia chuma cha bolti na cha chemba ugumu unaostahili, kwa kuwa hapo ndipo pangemuua askari wao wenyewe. Mfua bunduki Mmarekani P. O. Ackley alizifanyia bunduki za kijeshi majaribio ya kuzilipua kwa makusudi baada ya vita, na Aina ya 38 ilivumilia kuliko zote.

Hatari ipo kwingine, na hili nalisema kwa mkazo. Wanafunzi wa Japani walitengenezewa bunduki za mazoezi zinazofanana sana na Arisaka, zenye chuma laini cha kalibu na mtutu usio na mifereji ndani, kwa risasi baridi tu. Risasi halisi ikitiwa humo inaweza kumpasukia mfyatuaji. Hakikisha kwanza chemba ni tupu, kisha chungulia mtutu. Ukiona laini tupu kama bomba, bunduki hiyo ni ya ukutani.

"Kampuni za magari zilitengeneza silaha hizi."

Kweli. Toyo Kogyo ya Hiroshima, ambayo leo ni Mazda, ilitengeneza bunduki za Aina ya 99. Kiwanda cha mitambo ya kufumia nguo cha Toyoda, kilichozaa Toyota, kilitengeneza singe.

"Mfereji wa singe ni wa kupitishia damu."

Si kweli, ingawa utalisikia hadi siku ya kiama. Mfereji hupunguza uzito na huifanya singe isipinde. Singe ya Aina ya 30 ina bapa la sentimita 40 hivi, na ilitumika kwenye bunduki za Aina ya 30, ya 38 na ya 99, hata kwenye bombomu jepesi la Aina ya 96. Za zamani zina ndoana kwenye kilinda mkono na mpini uliofungwa kwa skrubu. Kadiri vita vilivyobana, ndoana ikanyooshwa, skrubu zikawa ribiti, mfereji nao ukaachwa kabisa, na ala ya chuma ikageuka ya mbao au mianzi. Singe zisizo na mfereji ziliua vilevile.

"Ya zamani isuguliwe ing'ae."

Hapana, hapana. Msasa hula kwanza alama ndogo zisizo na kina: tufe nne za mizinga zilizopandana za kiwanda cha Tokyo na baadaye Kokura, herufi ya mfululizo, chapa ya mkaguzi. Zikishaondoka hizo, hakuna tena njia ya kujua silaha ilitoka wapi. Kitambaa laini na mafuta mepesi vinatosha. Kutu iliyoshika inalainishwa kwa mafuta siku kadhaa, kisha inafutwa polepole. Mbao zisipakwe vanishi.