Silabi na Mofimu: Mipaka Isiyolingana katika Maneno Marefu

Mojawapo ya makosa yanayojitokeza katika uchanganuzi wa maneno ni kuchukulia silabi na mofimu kuwa kitu kimoja. Silabi ni kipashio cha kifonolojia, yaani pigo moja la sauti katika utamkaji. Mofimu nayo ni kipashio kidogo kabisa cha neno chenye maana au dhima ya kisarufi. Maneno marefu huidhihirisha tofauti hii bayana.

Tuchukue neno la Kiingereza antidisestablishmentarianism, lenye herufi 28. Neno hili linafungamana na mijadala ya karne ya 19 nchini Uingereza, na maana yake ni msimamo wa kupinga kuliondolea Kanisa la Kianglikana hadhi ya kuwa kanisa rasmi la dola. Kimofolojia, linaweza kugawika mara 6: anti-dis-establish-ment-arian-ism. Kifonolojia, lina silabi 12: an-ti-dis-es-tab-lish-men-ta-ri-a-ni-sm. Sauti /t/ ni mali ya mofimu -ment, lakini katika utamkaji huihama na kuanzisha silabi inayofuata. Aidha, /m/ ya mwisho, isiyotanguliwa na irabu katika maandishi, hubeba silabi. Hali hii si ngeni kwa Mswahili atamkaye m-tu.

Kiswahili nacho kina uhamaji uo huo. Kitenzi tutakaposomeshana kina mofimu 7: tu-taka-po-som-esh-an-a. Silabi zake ni 8: tu-ta-ka-po-so-me-sha-na. Mofimu -taka- imezaa silabi mbili, ilhali konsonanti ya mwisho ya mzizi -som- imevutwa na irabu ya kiambishi kinachoufuata. Sababu ni kwamba silabi za Kiswahili, hasa katika maneno ya asili ya Kibantu, huishia kwa irabu.

Shadda pia huifuata silabi, wala haiujali mzizi. Katika soma, shadda iko kwenye mzizi. Katika someshana imehamia sha, silabi ya pili kutoka mwisho.

Tofauti hii si ya kinadharia tu. Mshairi huhesabu mizani kwa silabi. Kwa hivyo, neno tutakaposomeshana peke yake linajaza kipande cha mizani 8. Mhakiki atakayehesabu mofimu atapata 7, na kumlaumu mshairi kwa kosa ambalo hakulitenda.