Fahamu: Kwa nini mji usio na mpango hukosa ruzuku ya mafuriko Marekani

Msaada wa dharura hutolewa hata kwa mji usiojiandaa. Fedha za kujikinga na mafuriko yajayo ni habari nyingine. Ili kuzipata, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 inataka mji uwe na mpango wa kupunguza hatari uliopitishwa na FEMA, idara ya serikali kuu ya maafa, na kuuhuisha kila baada ya miaka 5.

Mpango hutaja nini? Maeneo hatari, majengo yaliyomo na kazi za kutangulizwa: kupanua makalavati, kuinua nyumba, au kununua zinazofurika mara kwa mara na kuzibomoa. Wakazi lazima washirikishwe. Kwa kawaida serikali kuu hulipa hadi asilimia 75 ya gharama. Kiasi kinachobaki hutafutwa na wenyeji.

Mfano wa kazi hizo ni Tulsa, Oklahoma, ambako mafuriko ya Mei 1984 yaliua watu 14. Jiji likanunua nyumba takriban 300, likachimba mabwawa ya kupokea maji ya mvua na kubana vibali vya ujenzi mabondeni.

Bima ya mafuriko nayo hushuka. Miji inayovuka masharti ya chini ya bima hiyo hupangwa kwa madaraja, na wakazi wa daraja la juu kabisa hupunguziwa ada hadi asilimia 45. Roseville, California, ndiyo iliyotangulia kulifikia.